Askari wa Mwavuli na Kanuni Zake

Embe likianguka kutoka tawi la chini, halidhuriki sana. Lakini likianguka kutoka kileleni mwa mwembe, hupasuka. Sababu yake ni kwamba kadiri kitu kinavyoanguka kwa muda mrefu, ndivyo mwendo wake unavyozidi. Basi mtu akianguka kutoka katika ndege iliyo juu sana, je, mwendo wake utazidi pasipo mwisho? Sivyo. Hewa humzuia. Baada ya sekunde 12 hivi, nguvu za hewa imsukumayo juu huwa sawasawa na uzito wake, na tangu hapo huanguka kwa mwendo mmoja tu. Mwendo huo ni kiasi cha maili 120 kwa saa, yaani maili mbili kila dakika. Hata hivyo wako askari ambao kazi yao ni kuanguka hivyo, kisha kufika chini kwa miguu yao na kuendelea na safari. Tuangalie jinsi wawezavyo.

Kiwaokoacho ni mwavuli. Si mwavuli wa mvua, bali ni kitambaa kikubwa, zamani cha hariri na siku hizi cha nailoni, kilichokunjwa ndani ya mfuko mgongoni. Kikifunguka hushika hewa nyingi, na mtu aliyening'inia chini yake hushuka polepole. Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka hivyo mjini Paris, mwavuli wake ukiwa umetundikwa chini ya puto. Askari wengi wa miavuli hawafungui mwavuli kwa mikono yao. Ukanda uliofungwa katika ndege huufungua mara wanaporuka. Lakini ndege itoayo askari namna hiyo lazima ipite chini, nayo huonekana na adui. Kwa hiyo majeshi mengi huwafundisha askari wachache kuruka kutoka juu sana, kuanguka njia ndefu mwavuli ukiwa umefungwa, kisha kuufungua wenyewe.

Zamani watu wengi walisema kwamba jambo hilo haliwezekani. Walidhani mtu aangukaye angani atazimia, asiweze hata kuuinua mkono wake. Tarehe 28 Aprili 1919, Mmarekani Leslie Irvin alipanda ndege katika kiwanja cha McCook, karibu na mji wa Dayton, akaruka kutoka kimo cha futi 1,500. Akiwa anaanguka, alivuta kamba kwa mkono wake mwenyewe, na mwavuli ukafunguka. Alitua kwa kishindo akavunjika kifundo cha mguu, lakini ilijulikana tangu siku hiyo kwamba mtu aangukaye hapotewi na akili zake.

Walakini, kuwa na akili si sawa na kuzitumia vema wakati wa hofu. Tarehe 20 Oktoba 1922, katika kiwanja kile kile, ndege ya Luteni Harold Harris iliharibika angani, naye akatoka. Alipotafuta kamba ya mwavuli, mkono wake ulishika kitu kingine cha mikanda yake, akakivuta bure. Akavuta tena, na bado hakufanikiwa. Mwishowe aliipata kamba yenyewe, na mwavuli ukafunguka akiwa amekwisha karibia ardhi. Alipona. Lakini kisa chake chafundisha neno kubwa: mkono usiozoezwa hukosea njia wakati ule ambao makosa hayana nafasi.

Ndiyo maana askari wa siku hizi hajifunzi kwanza angani, bali chini. Huko Yuma, katika nchi ya jangwa ya Arizona, jeshi la Marekani lina chuo cha kazi hii. Humo mna bomba kubwa lililosimama wima, na mashine husukuma upepo ndani yake kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu zitoshazo kumwinua mtu. Mwanafunzi hulala kifudifudi juu ya upepo huo, ametanua mikono na miguu, kiuno kimeshuka na kichwa kimeinuka. Akishika umbo hilo, hutulia kama mjusi juu ya jiwe. Akijikunja au akiutupa mkono mmoja vibaya, huzunguka. Afadhali ajifunze hayo mahali ambapo mwalimu yu karibu naye wala ardhi si mbali. Tena huning'inizwa katika mikanda, akatajiwa ajali moja baada ya nyingine, naye hutenda lililo wajibu mara nyingi, mpaka mikono yake ijue njia bila kuulizwa.

Hewa ya juu nayo ina hatari zake. Wapandao Kilimanjaro hutweta kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi, na kilele cha Kibo ni futi 19,341 tu. Askari huweza kuruka kutoka futi 25,000. Huko baridi hupita digrii 30 chini ya kipimo cha maji kuganda, na mtu asiyepata hewa ya kutosha hulewa kabla ya kuzimia. Ubaya wa ulevi huo ni kwamba mwenyewe hujiona mzima kabisa. Kwa hiyo huvaa kinywago cha kuvutia oksijeni. Tena, kabla ya kupanda juu hivyo, huvuta oksijeni tupu kwa muda wa nusu saa, ili naitrojeni iliyomo mwilini ipungue, isije ikatoa mapovu ndani ya damu na viungo vyake.

Mkononi huvaa chombo chenye uso kama wa saa, kionyeshacho kimo. Kabla ya kuruka huambiwa ni kimo gani atakapofungua mwavuli, naye haruhusiwi kushuka zaidi kwa kutaka sifa. Fanyeni hesabu hii. Mwendo wa maili 120 kwa saa ni futi 176 kila sekunde. Mtu aliye futi 4,000 juu ya ardhi amebakiwa na sekunde 23 hivi. Katika muda huo lazima afungue mwavuli, autazame kama umefunguka sawa, na kama kamba zimesokotana, aukate ule mbovu kwanza, ndipo afungue mwavuli wa akiba. Akiufungua wa pili kabla ya kuuacha wa kwanza, yote miwili yaweza kunasana. Zaidi ya hayo hubeba chombo kidogo kipimacho uzito wa hewa. Hicho kikitambua kwamba mtu amefika chini mno naye bado anaanguka kwa kasi, huufungua mwavuli wa akiba bila kungoja mkono wake.

Chombo cha namna hii kilimwokoa Kapteni Joseph Kittinger wa jeshi la anga la Marekani. Tarehe 16 Novemba 1959 aliruka kutoka katika puto, kimo cha futi 76,000 na zaidi. Kimwavuli kidogo kilichowekwa ili kumtuliza kilifunguka mapema mno, kikamzinga shingoni. Alizunguka kama pia, kiasi cha mara 120 kwa dakika, akazimia. Mikono yake isingeweza kumfaa tena, lakini chombo kilifanya kazi yake, mwavuli ukafunguka, naye akafika chini hai. Wenzake walilichunguza kosa lile wakalirekebisha. Tarehe 16 Agosti 1960 aliruka tena kutoka futi 102,800, akaanguka zaidi ya dakika nne, kimwavuli kile kikamtuliza vizuri.

Hatimaye tumkumbuke mtu ambaye haonekani angani, naye ni fundi wa miavuli. Hukaa mbele ya meza ndefu, akanyosha kila kamba na kukunja kila pindo kwa taratibu, wala haruki hatua hata moja kwa kuwa amechoka. Katika jeshi la Marekani fundi huyo hupasika kuwa tayari kuruka yeye mwenyewe na mwavuli wowote alioukunja. Na kabla ya kupanda ndege, kila askari hukaguliwa na mkuu wa warukaji, kuanzia kofia hata viatu, mbele na nyuma, kwa utaratibu ule ule. Aliyeruka mara mia hukaguliwa sawa na aliyeruka mara moja, wala haoni haya.

Wahenga walisema, "Ajali haina kinga." Ni kweli kwamba mtu hajui saa ya ajali. Hata hivyo kwa kuwa askari wa mwavuli haijui saa hiyo, huweka kinga kila siku: mazoezi yake, ukaguzi wa mkuu wake, uaminifu wa fundi, mwavuli wa pili, na chombo cha kumwamkia akizimia. Watu humsifu kwa ushujaa wa kuruka, nao si mdogo. Lakini sehemu kubwa ya usalama wake ilikwisha fanywa asubuhi juu ya meza ya fundi, na mtu ambaye hakuna aliyempigia makofi.