Siku ya Tano ya Mshono

Mama aliyejifungua kwa sezarieni mjini Kolwezi, nchini Kongo (DRC), hurudi nyumbani mshono wake ukiwa bado mbichi. Hospitali walikuwa wakiutazama kila asubuhi. Sasa yuko Kasulo, mtaa wa mjini humo, na maambukizi ya kidonda cha upasuaji mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 10, wakati muuguzi hayupo tena. Wa kuamua kama mshono unapona au umeharibika ni yeye mwenyewe, mama mkwe wake na jirani anayeleta uji. Madaktari huendelea kuuhesabia mshono hatari ya kuambukizwa hadi siku 30 baada ya operesheni.

Kasulo si mahali rahisi pa kuuguza kidonda. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakuta mawe yenye kobalti, na baada ya hapo mashimo yakachimbwa kati ya nyumba na nyumba. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Leuven nchini Ubelgiji, walitangaza kwamba kobalti imo kwenye vumbi la ndani ya nyumba na kwenye mkojo wa watoto. Utafiti huo haukugusa mishono. Lakini unaeleza vizuri ni nyumba za namna gani ambamo mishono hiyo inauguzwa.

Mwaka huohuo wa 2018 utafiti mwingine, uliofuata wagonjwa 12,539 waliopasuliwa utumbo na viungo vingine vya kusaga chakula katika nchi 66, ulionyesha kwamba katika nchi zenye maendeleo duni asilimia 23.2 walipata maambukizi ya kidonda. Katika nchi zenye maendeleo ya juu walikuwa asilimia 9.4. Karibu mmoja kati ya wanne: hilo si jambo la bahati mbaya ya mtu mmoja, na kila familia yenye mshono nyumbani inastahili kujua cha kutazama.

Dalili zinazofundishwa mpaka leo ziliandikwa na Celsus wa Roma karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Tabu ni kwamba zote nne zimo pia kwenye kidonda kinachopona vizuri. Kisu kikishapita, mishipa midogo ya damu hutanuka, maji huvuja kwenye nyama, na chembe nyeupe za damu humiminika kuua bakteria na kuzoa nyama iliyokufa. Kuvimba na kuuma siku mbili tatu za mwanzo ni kazi ya kuponya inayoendelea. Usaha ni jambo jingine, ingawa kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliusifu usaha mzito mweupe kuwa dalili njema. Mwaka 1880 Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, aliuweka usaha wa jipu chini ya hadubini akaona bakteria wa mviringo waliorundikana. Hao ndio stafilokoka, na mpaka leo ndio wanaoharibu mishono mingi.

Basi kinachotenganisha kupona na kuharibika ni mwelekeo. Mshono unaopona huuma leo kidogo kuliko jana. Ulioambukizwa hutulia, kisha siku ya tano au ya sita maumivu hurudi na kupanda, yakipwita hata mama akiwa amelala. Kuwasha peke yake si kitu cha kuogopa. Wala usiuogope ule ugumu mwembamba kama kamba unaopapaswa chini ya mstari wa mshono baada ya siku tano hivi, kwa maana hapo nyama mpya inajijenga. Ugumu unaotisha ni ule unaotanuka nje ya mstari, wenye joto, usiotaka kuguswa.

Kuhusu wekundu, nasema wazi: Celsus hakuwa akitazama ngozi yetu. Kwenye ngozi nyeusi eneo lililoambukizwa huweza kuwa zambarau, au jeusi zaidi na linalong'aa, au lisibadilike rangi hata kidogo. Nawa mikono kwa sabuni, weka mgongo wa kiganja kando ya mshono, kisha kwenye tumbo mbali nao, ulinganishe joto. Piga picha kwa simu kila asubuhi mahali palepale penye mwanga. Kirehe, mashariki ya Rwanda, shirika la Partners In Health na watafiti wa Harvard na MIT waliwatuma wahudumu wa afya vijijini kwa akina mama karibu siku ya kumi baada ya sezarieni, wakiwa na maswali machache na simu ya kupigia picha mshono. Baadaye walijaribu pia kamera inayopima joto, kwa kuwa joto halijali rangi ya ngozi.

Maji kidogo maangavu au ya waridi siku za kwanza hayana neno. Yakiwa mazito, ya manjano au kijani, au yakinuka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na maji ya waridi yakibubujika ghafla baada ya siku tano au zaidi, huenda mshono wa ndani umeachia. Funika kwa kitambaa safi, uondoke mara moja, hata usiku.

Homa ndiyo inayopoteza watu zaidi. Huku kwetu homa ni malaria, kwa hiyo mama hupimwa, kipimo husema ndiyo, anapewa dawa, na hakuna anayefungua kitenge kutazama mshono. Malaria na kidonda kilichoharibika huweza kukaa katika mwili mmoja. Homa ya nyuzijoto 38 baada ya operesheni inadai vyote viwili, kipimo na macho.

Kisha watu hukimbilia kapsuli za duka la dawa, wengine wakiufungua unga wake na kuumwaga juu ya kidonda. Usaha uliojifungia chini ya ngozi haufikiwi vizuri na dawa. Tiba yake ya kwanza ni muuguzi au daktari kufungua nyuzi chache, kuutoa usaha na kuosha, na kidonda kuachwa wazi kipone kuanzia ndani kikifungwa bandeji safi kila siku. Antibiotiki huongezwa ikiwa kuna homa au uvimbe unaenea, na anayeamua hilo ni yule aliyeuona mshono.