Nguo na midoli ya kufuma nyumbani: uzi unalipa kuliko sweta

Kila Desemba inapoelekea ukingoni, foleni kwa mafundi cherehani wa Kariakoo, Manzese na Mbagala huwa ndefu kwa sababu moja. Shule zinafunguliwa Januari na sare bado hazijashonwa. Ni katika foleni hiyo ambapo akina mama wengi hupata wazo la kununua cherehani yao wenyewe. Hesabu huonekana nyepesi. Fundi anatoza, kitambaa kipo dukani, watoto ni watatu. Kwa nini fedha ya upatu isiingie kwenye cherehani, nyumba ikajishonea, na sindano ya kroshia ikamaliza habari ya sweta, kofia na midoli ya watoto?

Wazo hilo si baya. Lakini hesabu yenyewe ina tundu, na tundu hilo limemeza mitaji midogo mingi. Cherehani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma na kugeuzwa meza ya redio ni mandhari ya kawaida katika nyumba za mijini.

Chukua mfano wa sketi ya shule. Bei zinatofautiana mtaa kwa mtaa, hivyo tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu, na kila msomaji aweke za soko lake. Kitambaa cha tetroni mita 1.2 kwa shilingi 6,000 kwa mita ni shilingi 7,200. Zipu, kifungo na uzi ni shilingi 1,300. Jumla ni shilingi 8,500. Sketi hiyo ikiwa tayari dukani inauzwa shilingi 13,000. Aliyejishonea ameokoa shilingi 4,500 kwa kazi ya saa moja na nusu, yaani shilingi 3,000 kwa saa. Ni malipo ya heshima.

Tatizo linakuja kwenye idadi. Watoto watatu wakishonewa nguo mbili mbili kwa mwaka ni nguo sita, na akiba ni shilingi 27,000. Kama cherehani imenunuliwa shilingi 350,000, itachukua takriban miaka 13 kurudisha fedha hiyo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza atakuwa amemaliza kidato cha sita. Tia na marekebisho, kama vile kupunguza suruali ya mtumba, kubadili zipu na kutia kiraka, tuseme kazi mbili kwa mwezi ambazo fundi angetoza shilingi 1,000 kila moja. Akiba inapanda hadi shilingi 51,000 kwa mwaka na muda unashuka hadi karibu miaka saba. Bado ni mrefu.

Sasa geuza hesabu. Cherehani hiyo hiyo ikipokea nguo tano za majirani kwa wiki, kila jirani akileta kitambaa chake na kulipa mshono shilingi 5,000, yanaingia shilingi 25,000. Toa shilingi 2,000 za uzi, sindano, mafuta na umeme, zinabaki 23,000. Cherehani imejilipa ndani ya wiki 16. Kilichobadilika hapo si mashine wala ustadi wa mshonaji. Ni saa ambazo mashine inafanya kazi. Kwa hiyo anayenunua cherehani kwa ajili ya familia peke yake ananunua kifaa cha nyumbani, kama friji, na akihesabu hivyo hatakuwa na kinyongo nayo. Akiiita mtaji, basi ahakikishe majirani wanajua ilipo.

Kampuni ya Singer ya Marekani iliona ugumu huu mapema. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na kufikia mwaka 1856 kampuni yake ilikuwa ikiuza cherehani kwa malipo ya awamu, kwa kuwa bei ilikuwa juu ya uwezo wa familia ya kawaida. Mfanyabiashara wa cherehani anayekopesha leo anatumia njia iliyozidi miaka 160. Aliye makini humwuliza mteja swali moja kabla ya kumwandikia mkopo: unashona za nani?

Kwa upande wa kufuma, hesabu ni kali zaidi. Seti ya mtoto mchanga yenye sweta, kofia na soksi hula mabonge manne ya uzi wa akriliki ya gramu 50. Kwa shilingi 2,500 kila bonge ni shilingi 10,000, na vifungo na utepe shilingi 1,000. Mfumaji mwenye mkono mwepesi atatumia saa 14, nyingi zikiwa za jioni. Akiuza shilingi 25,000 anabakiwa na shilingi 14,000, yaani shilingi 1,000 kwa saa, theluthi moja ya kile alichopata mshona sketi. Na hapo mteja hajaanza kupatana. Akishushiwa hadi shilingi 18,000, saa yake imekuwa shilingi 500.

Atashushiwa kwa sababu mteja ana bei nyingine kichwani. Mita chache kutoka hapo kuna lundo la mtumba ambalo watu wanasagula, na sweta ya mtoto inapatikana humo kwa shilingi 4,000. Fedha hiyo haitoshi kununua hata mabonge mawili ya uzi. Belo la kilo 45 halikununuliwa kwa gharama ya kulitengeneza; lilinunuliwa kwa gharama ya kulikusanya, kulichambua na kulisafirisha. Hakuna mfumaji wala kiwanda kinachoweza kushindana na bidhaa ambayo gharama yake ya uzalishaji ililipwa na mtu mwingine huko Ulaya au Marekani.

Wapo waliodhani serikali zingelimaliza jambo hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni kwa hatua katika miaka mitatu. Ushuru ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi 0.40 kwa kilo, na Rwanda ikaenda mbali hadi dola 2.50. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao, na manufaa ya mpango wa AGOA yakawekwa mezani. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Mwenye duka aliyejaza vitambaa akitegemea mtumba kupigwa marufuku alifunga mtaji wake kwa kitu ambacho hakikutokea. Somo kwa mwekezaji ni kupanga bei akijua mtumba upo.

Pamoja na hayo, iko tofauti ya kiufundi ambayo wauzaji wengi hawaitumii. Sweta ya kawaida inayofumwa kwa sindano mbili hutengenezwa na mashine kwa wingi na kwa kasi. Kroshia halisi haina mashine. Kila kitu cha kroshia, hata kile kinachotoka ndani ya belo, kilifumwa na mkono wa mtu, tundu kwa tundu. Mfumaji wa kroshia basi hashindani na kiwanda. Anashindana na wafumaji wengine na ujinga wa mnunuzi. Kofia za viua za Unguja na Lamu zinaonyesha jambo hilo vizuri. Mvaaji anafahamu kuwa vitobo vile vimezungushiwa uzi kimoja kimoja kwa wiki au miezi, ndiyo maana halinganishi bei yake na kofia ya kiwandani. Aliyefuma shali la kroshia akalipanga pembeni ya sweta za mashine, bila neno, amejipunja mwenyewe.

Midoli ndiyo sehemu yenye unafuu. Mdoli mdogo wa kroshia hula uzi uliobaki kwenye kazi nyingine. Weka shilingi 2,000 za uzi, 1,000 za kujazia na 500 za uzi wa macho na mdomo, jumla 3,500. Kazi ni saa tano. Akiuzwa shilingi 15,000 zinabaki 11,500, sawa na shilingi 2,300 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya seti ya mtoto. Sababu ni kwamba midoli ya kiwandani na ya mtumba ipo tele, lakini hakuna inayokuja na jina la mtoto, rangi za sare ya shule yake, au gauni la kitenge kile kile alichovaa mama kwenye harusi. Mnunuzi wa zawadi haulizi gharama ya uzi. Mtindo wa Kijapani uitwao amigurumi, wa kufuma wanyama na wanasesere kwa kroshia, umesambaa duniani tangu miaka ya 2000 kwa sababu hiyo hiyo.

Mfano wa karibu uko Njoro, Kenya. Kenana Knitters ilianza mwaka 1998 ikiwatumia wanawake wa vijijini kusokota sufu kwa mkono na kufuma midoli na nguo kwa ajili ya masoko ya nje. Kila mdoli hubeba kibandiko chenye jina la aliyemfuma. Kibandiko ni karatasi tu, lakini ndicho kinachomweleza mnunuzi kwamba analipia saa za mtu.

Anayetaka kuuza midoli azingatie usalama kabla ya urembo. Kanuni za kimataifa za vinyago, ISO 8124, hazitaki vipande vidogo vinavyoweza kung'oka kwenye kinyago cha mtoto wa chini ya miezi 36. Jicho la kifungo hung'olewa na meno ya mtoto wa miezi kumi bila taabu na linaweza kumkaba. Macho ya kudarizi kwa uzi ni salama zaidi, na ni bei rahisi. Cha kujazia, sufi ya mti wa msufi ni nyepesi na hupatikana, ila ikilowa hugandamana na kukauka polepole. Pamba ya kiwandani ya polista hufulika. Tofauti ya shilingi mia chache hapo ndiyo inayoamua kama mteja atarudi.

Faida iliyo tulivu kuliko zote haimo kwenye sweta wala mdoli. Imo kwenye duka la nyuzi. Mwenye duka anayenunua bonge kwa jumla shilingi 1,900 na kuliuza 2,500 anapata shilingi 600. Seti moja ya mtoto inampa shilingi 2,400 kwa dakika chache, wakati mfumaji anasubiri saa 14 apate 14,000 zake, kama mteja hatakimbia. Kikundi cha akina mama 20 wanaofuma seti mbili kila mmoja kwa mwezi kinahitaji mabonge 160, ambayo ni faida ghafi ya shilingi 96,000 kutoka kwa wateja wa kundi moja. Ongeza zipu, lastiki, vifungo, bitana, sindano za cherehani na bobini, vitu visivyooza, visivyopitwa na mtindo haraka, na ambavyo mtumba hauvigusi. Belo la nguo kuukuu lenyewe huongeza mauzo yake, kwa kuwa kila suruali inayopunguzwa inadai uzi.

Hasara ya duka hili iko kwenye rangi. Kila bonge lina kibandiko chenye namba ya rangi na namba ya loti, yaani mtungi mmoja wa kutilia rangi. Nyeupe mbili za loti tofauti hufanana mkononi zikatofautiana kwenye mgongo wa sweta. Mfumaji aliyeishiwa uzi akiwa amebakiza mkono mmoja, akakuta loti yake imekwisha, amepoteza saa zote alizotumia, na duka limepoteza mteja. Mwenye duka mzoefu humwekea mteja bonge moja la akiba kwa wiki mbili tatu bila malipo. Mwanafunzi wa biashara hununua rangi 30, bonge tano tano. Mzoefu hununua rangi nane kwa wingi, akianzia na nyeupe, krimu na njano laini, kwa kuwa mama mjamzito huagiza kabla hajajua anazaa nani.

Kwenye vitambaa, jambo la kukagua ni kurudi. Kitambaa cha pamba tupu ambacho hakijafuliwa kabla ya kukatwa kitarudi baada ya kufuliwa, na gauni la mtoto litakuwa fupi kabla mtoto hajakua. Muuzaji anayemwonya mteja hapoteza kitu. Mara nyingi anauza robo mita ya ziada.

Yabaki majira. Sare za Januari hazihami, lakini Idd inahama. Kila mwaka inatangulia kwa siku 10 au 11, na maagizo ya nguo za watoto yanaifuata. Idd el Fitri ya mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Kufikia mwaka 2030 itaangukia mwanzoni mwa Februari, na mwaka 2031 mwishoni mwa Januari, siku chache baada ya kengele ya shule. Majira mawili yaliyokuwa yakimpa fundi na muuza vitambaa vipindi viwili vya fedha yatakuwa foleni moja, kwa mifuko ile ile ya wazazi. Anayeagiza mzigo kutoka nje na kusubiri meli itie nanga Dar es Salaam atalazimika kuwa na uzi, lastiki na tetroni ghalani kabla ya Desemba, na fedha yake itafungwa muda mrefu zaidi. Mwenye cherehani ya nyumbani, kwa upande wake, ataanza kupokea nguo za Idd mwezi Novemba, au atazikataa.