Sarufi ya Kiingereza (4): Neno linalomrudia mtenda

Wiki iliyopita tuliangalia yambwa, yaani mtu au kitu kinachopokea tendo. Leo tunaingia kwenye vitenzi ambavyo havina tendo la kumpokeza mtu: vitenzi vishirikishi. Kinara wao ni *be* na maumbo yake yote. Nyuma yake wapo *become*, *seem*, *remain*, na vile vya hisi: *look*, *sound*, *smell*, *taste* na *feel*.

Linganisha *Juma greeted a teacher* na *Juma is a teacher*. Sentensi ya kwanza ina watu wawili, ya pili ina mmoja tu. Huyo *teacher* wa pili ni Juma mwenyewe, ametajwa kwa kazi yake. Hicho ndicho kijalizo cha nomino. Kwa kuwa sisi husema "Juma ni mwalimu", basi, wengi huandika *Juma is teacher*. Kiingereza hakikubali, lazima *a* itangulie.

Kivumishi ndicho kinachosumbua zaidi. Samaki akioza, tunasema ananuka vibaya. "Vibaya" ni kielezi, kwa hiyo mwanafunzi anaandika *The fish smells badly*. Akiisoma Mwingereza, anaelewa kwamba samaki huyo hajui kunusa vizuri! Sahihi ni *The fish smells bad*, maana ubaya ni wa samaki, si wa kunusa. Vivyo hivyo *Her voice sounds sweet*, si *sweetly*.

Ukishikwa na shaka, ondoa kitenzi uweke *is*. *The soup tastes salty* inageuka *The soup is salty*, na maana inabaki. Lakini *The cook tasted the soup* ukiigeuza, mpishi anakuwa mchuzi. Hapo kuna tendo halisi, na kielezi kinaruhusiwa: *The cook tasted the soup carefully*.

Jihadhari na *well*. Katika *I feel well* ni kivumishi: mzima wa afya.

Na viwakilishi je? Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi cha 1762, alishikilia kwamba baada ya *be* kiwakilishi kibaki na umbo la kiima: *It was I*. Wazungumzaji wa leo husema *It's me*, na kwa maoni yangu mwalimu aanze na hilo. *It is I* mwanafunzi ataikuta kwenye maandishi rasmi.

Wiki ijayo: vitenzi vyenye yambwa mbili.