Ung'avu wa maji usikudanganye

Msikilizaji, juma hili nimeonelea tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara kadhaa kwa siku bila kulifikiria: kunywa maji. Ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam, iwe Manzese, Buguruni au Mbagala, utawakuta akina mama wakinunua maji ya madumu. Kabla ya kulipa, humimina kidogo kwenye kiganja wakayatazama. Yakiwa maangavu wanalipa, yakiwa na tope mwenye mkokoteni anafukuzwa. Ni busara, lakini ni nusu ya busara. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, na maji yaliyojaa vijidudu hivyo yanaweza kung'aa kama kioo.

Haya si mambo ya kutishana. Mwaka 1997 waliougua kipindupindu nchini walizidi 40,000, na waliokufa walizidi 2,000. Agosti 2015 kilizuka tena hapa hapa Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar.

Wapo watakaosema: mimi nina bomba uani, maji yangu yametiwa dawa mtamboni. Ni kweli maji ya Ruvu husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kuletwa mjini. Lakini bomba linapokauka kwa sababu ya mgawo, msukumo wa maji ndani yake hupotea, na mahali penye ufa maji machafu ya mtaroni hunyonywa yakaingia. Maji yanaporudi hukuletea uchafu huo hadi jikoni. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya mgawo ni ya kudekia na kumwagilia maua, si ya kunywa.

Sasa tufanye nini? Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo. Tunasema "kusafisha maji" kana kwamba uchafu ni wa aina moja. La hasha! Tope ni jambo moja, vijidudu ni jambo jingine, na chumvi na madini yaliyoyeyuka ni jambo la tatu. Dawa ya hili siyo dawa ya lile.

Tuanze na tope, maana kipimo chake unacho mkononi. Jaza maji kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti hili, kisha chungulia kutokea mdomoni mwa chupa hadi chini. Usipoweza kuzisoma herufi, maji hayo yana tope jingi mno. Yaache yatulie usiku kucha, yamimine taratibu, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Kitambaa nacho tusikidharau. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa katika vijiji vya Bangladesh, wanawake waliochuja maji ya madimbwi na mito kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa hadi matabaka manane walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba katika maji ya aina ile vijidudu hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, na viumbe hao hunaswa na nguo. Lakini nusu ni nusu tu, na kijidudu kinachoelea peke yake hupita kwenye kanga yako bila hodi.

Chujio lenye vile vyungu vyeupe vya umbo la mshumaa ni bora zaidi, kwa kuwa matundu yake ni madogo kiasi cha kuzuia bakteria wengi. Virusi, hata hivyo, ni vidogo zaidi na vingi hupenya. Tena mshumaa ukipata ufa mwembamba kama unywele, chujio zima halina kazi, ingawa maji yataendelea kutoka maangavu na mwenye nyumba ataendelea kujisifu. Mshumaa usuguliwe kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, na ukipasuka ubadilishwe.

Kwa vijidudu vyote, bakteria kwa virusi, mfalme bado ni moto. Na hapa nina habari njema kwa wanaolalamikia bei ya mkaa. Wengi tulifundishwa kuyaacha maji yatokote dakika kumi, wengine ishirini. Hakuna haja. Maji yakichemka kwa nguvu, mapovu yakiwa yanapanda sufuria nzima, yaache dakika moja kisha epua. Wanaoishi kwenye nyanda zinazozidi mita 2,000 waongeze ziwe dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya pwani. Hizo dakika nyingine zote ulikuwa unaunguza fedha. Nahofu kuna nyumba zilizoacha kabisa kuchemsha kwa sababu tu ziliambiwa zichemshe mno.

Asiye na mkaa atumie vidonge vya kutibu maji. Soma kwenye pakiti kipimo cha dumu la lita 20, koroga, subiri nusu saa. Ila usivitie kwenye maji ya tope, kwa kuwa tope huimaliza nguvu ya dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Kwanza chuja, ndipo utie dawa.

Ndugu zetu wa Arusha na Moshi nao wana lao. Katika maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru maji yana floraidi nyingi. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huanza kuleta madhara: meno ya watoto huwa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huharibika. Maji hayo huwa maangavu kabisa. Mshumaa haunasi floraidi, klorini haiigusi, na moto ndio unaoiongeza, kwa sababu mvuke ukitoka floraidi hubaki katika maji yaliyopungua. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi kituoni Ngurdoto, au kukinga maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo. Vivyo hivyo kwa visima vya maji chumvi hapa Dar es Salaam: chemsha upendavyo, chumvi itabaki pale pale.

Nimalizie na mtungi. Mimi mwenyewe nimewahi kuchemsha maji kwa uangalifu mkubwa, kisha nikayarudisha kwenye dumu lile lile nililochotea! Na majumbani mwetu kila anayepita huchovya kikombe mtungini, vidole vikigusa maji. Maji yapoe ndani ya sufuria ileile, ikiwa imefunikwa, kisha yahamishiwe kwenye ndoo safi yenye mfuniko na koki. Kama huna koki, tumia kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, isilale juu ya meza.

Mwenye wasiwasi apeleke maji yakapimwe. Wizara ya Maji ina maabara zake mikoani. Omba chupa ya maabara yenyewe, usitumie ya soda, na uirudishe siku hiyo hiyo ikiwa imehifadhiwa kwenye baridi. Tena omba chupa mbili. Moja jaza bombani, na ya pili jaza kutoka kwenye mtungi, maana hayo ndiyo maji wanayokunywa watoto wako.