Kwa Nini Dawa Hii Humezwa na Ile Hudungwa Sindano?

Wapo wateja wanaotuuliza kwa nini insulini haitolewi kama kidonge. Swali hilo ni la haki, na watafiti hulitafutia jibu mapema, dawa ingali maabara.

Dawa inayomezwa ina safari ngumu. Hukutana kwanza na asidi ya tumboni na vimeng'enya visagavyo chakula. Ikisalimika, sharti iyeyuke majini, kisha ipenye ukuta wa utumbo, ambao chembe zake zimezungukwa na utando wa mafuta. Hapo bado. Damu itokayo utumboni hupitia ini, nalo laweza kuiharibu sehemu kubwa ya dawa kabla haijafika inakohitajika. Ndiyo sababu nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, huwekwa chini ya ulimi: huingia damuni bila kupita kwanza kwenye ini.

Mwaka 1997 mkemia Christopher Lipinski na wenzake wa kampuni ya Pfizer ya Marekani walichapisha kanuni ya kubashiri jambo hili kwa kuitazama molekuli yenyewe. Ikiwa uzito wake unazidi 500, ikapenda mno mafuta, au ikawa na sehemu nyingi mno za kushikamana na maji, yamkini haitafyonzwa vyema, hasa kasoro hizo zikiwa mbili au zaidi. Insulini ina uzito wa takriban 5,800. Tena ni protini, na mwili huisaga kama usagavyo nyama. Hata hivyo kanuni hii ina mipaka: azithromaisini ina uzito wa karibu 750 na humezwa. Kwa hiyo dawa hupimwa pia kwa watu waliojitolea, damu yao ikichukuliwa kila baada ya muda ili kujua kiasi kilichoingia.

Vipimo hivyo ndivyo vizaavyo maelekezo ya kwenye pakiti. Lumefantrini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, hufyonzwa kidogo tumbo likiwa tupu, na hadi mara 16 zaidi ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi. Anayeimeza kwa maji matupu aweza kumaliza dozi yote na vimelea vikabaki mwilini. Imezwe kwa maziwa au pamoja na chakula chenye mafuta.

Omeprazoli nayo huvikwa utando wa kuikinga na asidi. Ukiisaga, umeivua kinga hiyo. Kabla ya kusaga au kufungua kidonge chochote kwa ajili ya mtoto au mzee asiyeweza kumeza, muulize mfamasia. Huenda ipo dawa ya maji ya aina hiyohiyo.