Chama cha Hesabu kwa Watoto Wadogo

Watoto wadogo hupenda kuhesabu. Kabla hawajaingia shule huhesabu mbuzi, ngazi na vidole vyao, wala hawachoki. Lakini wengi wao, baada ya kukaa darasani miaka miwili mitatu, huanza kuiogopa hesabu, kwa kuwa wameiona kuwa ni jambo la kukosea mbele ya wenzao. Hofu hiyo ikishika mizizi ni vigumu kuing'oa, na mtu aliyeshindwa na hesabu utotoni huweza kupunjwa sokoni na kwenye mizani hata uzeeni. Njia moja ya kuizuia ni kuanzisha chama kidogo ambamo watoto hukutana baada ya masomo ili kucheza kwa hesabu.

Chama hiki hakihitaji fedha nyingi. Mtu mzima mmoja mwenye subira, awe mwalimu, mzazi au kijana aliyemaliza shule, aweza kuongoza watoto kumi. Siku moja kwa juma yatosha, na muda usizidi dakika 45, kwani watoto hao wameshinda darasani tangu asubuhi. Kwanza wanywe uji na kukimbiakimbia kidogo, ndipo waketi kivulini. Vifaa ni vijiwe, vifuniko vya chupa na ubao wa bao; na pasipo ubao, mashimo huchimbwa mchangani.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kabla ya mchezo, kiongozi na aulize: mashimo yote ni mangapi? Kete zikigawanywa sawasawa, kila shimo litapata ngapi? Watoto wakizitia kwa mikono yao wataona ya kuwa mashimo ni 32, na kila moja limepata kete mbili. Hapo wamekwisha kuzidisha na kugawanya, bila kuambiwa kwamba hilo ni somo.

Mchezo wa pili ni wa vijiwe kumi. Watoto wawili hucheza kwa zamu, na kila mmoja huondoa kijiwe kimoja au viwili. Achukuaye cha mwisho ndiye mshindi. Mwanzoni hudhani kuwa ni bahati tu. Baadaye mmoja atatambua ya kwamba amwachiaye mwenzake vijiwe vitatu hushinda: mwenzake akiondoa kimoja, yeye huondoa viwili, akiondoa viwili, yeye huondoa kimoja. Ndivyo ilivyo kwa sita na kwa tisa pia. Kwa hiyo anayeanza akiondoa kimoja tu, na asikosee baadaye, hawezi kushindwa. Kiongozi asiitoe siri hii. Furaha yote imo katika kuivumbua, na mtoto aliyeivumbua mwenyewe hataisahau upesi.

Walio wakubwa kidogo wachorewe mraba wenye vyumba tisa, watie namba 1 hadi 9, kila moja mara moja, hata kila safu, ya kulala, ya kusimama na ya pembe kwa pembe, iwe na jumla ya 15. Kwa nini 15? Kwa sababu namba zote pamoja ni 45, nazo zimegawanywa katika safu tatu. Namba 5 hukaa katikati.

Mtoto akikosea asichekwe, bali aulizwe amefikaje hapo. Mara nyingi, akieleza, huliona kosa lake mwenyewe. Kiboko hakina nafasi hapa, na nchini Kenya kilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001. Wasichana wapate zamu sawa na wavulana, na anayejibu polepole asiharakishwe.

Wazazi nao wana kazi yao. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kusaidia: jioni amwombe mtoto amfundishe mchezo wa vijiwe, wacheze pamoja, na akubali kushindwa.