Panya haelewi ukimtaja, ila hawezi kutapika

Tangu mahindi yaanze kuingia ndani, wasomaji wanaandika kuhusu panya tu. Wengi wanauliza jambo lilelile: ile dawa inayotangazwa kwa spika mnadani, inayomkausha panya asinuke, ni ya kweli?

Si ya kweli. Harufu ya mzoga hutokana na bakteria, na bakteria hawajali panya kafa kwa sumu gani. Wala hakuna sumu inayomwamuru atoke nje akatafute maji afie huko. Wengi hufia shimoni au darini, na wiki nzima utamnusa huku muuzaji keshahamia mnada mwingine.

Kwa nini wamejaa sasa? Panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis, huzaa kwa kufuata mvua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamemfuatilia kwa miongo kadhaa. Masika yakishaotesha majani na mbegu, majike hushika mimba. Baada ya siku 23 hivi huzaa, kwa wastani watoto 11 kwa mkupuo. Watoto hao hukua wakati wa mavuno, na mazao yakiondoka shambani huyafuata hadi nyumbani. Mwaka 1996 mmoja wao, Herwig Leirs, na wenzake walionyesha kuwa mvua za vuli zikizidi, uzazi huanza mapema na panya hufurika. Kwa hiyo dalili huonekana miezi kadhaa kabla ya gunia la kwanza kutobolewa.

Lakini kinachonivutia zaidi ni tumbo lake. Panya hawezi kutapika. Ubongo wake hauna mpangilio wa neva unaoendesha kutapika kwa mbwa au binadamu, na misuli ya kiwambo inayobana njia ya kuingilia tumboni ina nguvu mno. Akishameza, kameza. Mnyama wa aina hiyo, tena anayeishi kwa kudokoa vya watu, angekuwa ameshakwisha kama asingekuwa na kinga nyingine, nayo ni woga. Panya wa darini akikuta chakula kigeni huonja kidogo tu, akaacha. Akiugua, hata saa kadhaa baadaye, kosa hulitupia ladha ile na hairudii tena. Mwanasaikolojia John Garcia wa Marekani alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1950, na wenzake walimkatalia kwa muda mrefu, kwani iliaminika kuwa mnyama hawezi kuunganisha mambo mawili yaliyopishana kwa saa nzima.

Sasa chukua sumu ya zinki fosfidi, ule unga wa rangi ya kijivu iliyokolea. Ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, inayoua ndani ya saa chache. Aliyekula vya kutosha hafiki mbali. Aliyeonja kidogo akapona hairudii, na mwenye nyumba husema: "Wameambiana!" Ndipo bibi anapokemea kwamba sumu ilitajwa kwa sauti, panya wakasikia. Masikio yake ni makali kweli, hata sauti nyembamba tusizozisikia sisi anazipata, lakini maneno haelewi. Wala hawaonyani. Mtafiti Bennett Galef, aliyefanya kazi Kanada, aligundua kuwa panya hunusa pumzi ya mwenzake kujua kala nini, kisha hukipenda chakula hicho hata kama mwenzake yuko taabani. Kila mmoja hujifunza kwa tumbo lake mwenyewe.



Ndiyo maana sumu za polepole, kama bromadioloni na brodifakumu, hufanya vizuri zaidi. Huzuia ini lisiitumie upya vitamini K. Protini za kugandisha damu zilizokwisha tengenezwa huendelea kutumika, kwa hiyo panya hahisi lolote na hurudi kula kesho yake. Zikiisha, huvuja damu ndani kwa ndani, na hufa baada ya siku tatu hadi saba bila kushuku chakula. Ni ukoo mmoja na warfarini, iliyouzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuwa dawa ya wagonjwa wa moyo.

Mtoto aliyemeza sumu hizi za polepole naye ataendelea kucheza siku moja au mbili. Usidanganyike. Maziwa hayaondoi sumu: mkimbize hospitali na pakiti yake mkononi. Kwa bromadioloni daktari ana vitamini K. Kwa zinki fosfidi hakuna dawa ya kuifuta. Na anayekuuzia chengachenga za "kuua papo hapo" kwenye kipande cha daftari, bila jina wala lebo, mara nyingi amekufungia kiuatilifu cha shambani. Huyo si mfanyabiashara, ni mtu wa kupelekwa kituoni.

Ya kufanya ni machache. Hifadhi nafaka kwenye pipa au kihenge cha bati, kwani mifuko isiyopitisha hewa huzuia dumuzi lakini panya huitoboa. Ziba kila tundu linalopitisha kidole. Weka mtego ukiwa umegusa ukuta, uache na chambo siku kadhaa bila kuutega, ndipo utege. Shirikianeni na majirani, maana nyumba moja ikisafishwa peke yake hujaa tena.

Walioko Lushoto wana utaratibu mwingine. Tauni iliingia huko mwaka 1980, na katika miaka iliyofuata iliwapata watu zaidi ya 7,000. Mzoga wa panya ukipoa, viroboto wanaobeba tauni huuhama na kutafuta damu ya mwingine, wewe ukiwemo. Ukiona panya wanakufa wenyewe, usiwashike na usitege chochote. Toa taarifa zahanati, viroboto wauawe kwanza.